Mbona Kazi ya Siku Kumi Inakula Mwezi Mzima?

SWALI: Assalaam aleikum, ndugu mshauri. Nina chumba cha ushonaji hapa Ngamiani, Tanga, chenye vyerehani vitatu na mafundi watatu, nikiwemo mimi. Mwaka jana nilichukua oda ya sare 240 za shule moja. Kwa kuwa shati au sketi moja hutuchukua dakika 40, nilipiga hesabu kwamba kwa saa 8 kila fundi angeshona nguo 12, sote 36 kwa siku, nikamwahidi mwalimu mkuu siku 10. Kazi ilikwisha baada ya karibu mwezi mzima, na wazazi walinisema sana. Je, niongeze fundi wa nne, au niache kabisa oda za shule?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Kabla ya kumzungumzia fundi wa nne, napenda tuirudie hesabu yako, kwa sababu naamini kwamba hukuchelewa kama unavyodhani: mwezi mmoja ndio muda ambao kazi ile ilihitaji tangu mwanzo, na kilichokosewa ni ile ahadi.

Dakika 40 ulizozitaja ni za fundi aliyekwisha kuketi, kitambaa kimekatwa, uzi wa rangi inayofaa umo mashineni, na hakuna mteja anayebisha hodi. Sare ina kukata, ovaloki (kushona kingo za kitambaa zisifumuke), matundu ya vifungo, vifungo vyenyewe, pasi na kufungasha, na ukizigawa kazi hizo kwa kila nguo, sitashangaa zikiifikisha saa nzima. Siku ya saa 8 nayo haina saa 8 za kushona: ukiondoa sala, chakula, wateja wanaokuja kujaribu magauni yao, na umeme unapokatika, utabaki na saa 6 ikiwa siku ni njema. Kwa saa 6 fundi mmoja atamaliza nguo 6, watatu watamaliza 18, na nguo 240 zitahitaji siku 14 za kazi. Usiposhona Jumapili, hizo ni wiki mbili na siku mbili, na bado hatujanunua kitambaa.

Hapo ndipo siku nyingi zaidi hupotea, katika kuwangoja watu wengine. Basi kutoka Dar es Salaam hufika Tanga siku hiyohiyo, lakini safari ya kitambaa haianzi basi linapoondoka; inaanza siku unapotuma fedha Kariakoo, na inakwisha pale majora yote ya rangi moja yanapokuwa juu ya meza yako. Kama nembo ya shule inadariziwa na mtu mwingine, foleni yake ni foleni yako pia. Ziandike siku za mikono na siku za kungoja katika safu mbili tofauti, kwa sababu za kwanza unaweza kuzipunguza kwa bidii, lakini za pili hupungua kwa kuagiza mapema tu.

Usione kwamba udhaifu huu ni wako peke yako. Mwaka 1994 watafiti Buehler, Griffin na Ross, waliofanya kazi yao nchini Kanada, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliulizwa wangemaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34, na walipoulizwa ingekuwaje iwapo kila jambo lingekwenda vibaya, walisema takriban siku 49. Hali halisi ilikuwa zaidi ya siku 55. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walikwisha kulieleza kosa hili mwaka 1979, na dawa waliyoipendekeza ni kuacha kuifikiria kazi iliyo mbele yako peke yake, na kutazama kazi za aina hiyo zilizokwisha kufanyika zilichukua muda gani.

Kwa hiyo nunua daftari, na kwa kila oda uandike tarehe ya fedha kutoka, tarehe ya kitambaa kufika, tarehe ya nguo ya mwisho kupigwa pasi na tarehe ya mteja kuchukua. Oda nne au tano tu zitakupa makadirio bora kuliko hesabu yoyote ya kichwani. Siku za akiba ziweke mwishoni kwa pamoja, usizifiche katika kila hatua, maana zikiwa zimetawanyika hutumika bila mtu kujua.

Fundi wa nne nisingemwajiri bado. Chunguza kwanza nguo zinarundikana wapi: zikirundikana kwenye vifungo na pasi, mshonaji mwingine ataliongeza rundo hilohilo, ilhali kijana wa vifungo na pasi kwa msimu mmoja angekusaidia kwa gharama ndogo. Kumbuka pia kwamba, ikiwa unalipa kodi kwa makadirio ya robo mwaka, awamu ya mwisho inafika Desemba 31, katikati ya msimu wa sare; tenga siku hiyo mapema.

Oda za shule usiziache. Mwombe mwalimu mkuu akubali kupokea sare kwa awamu mbili, kitambaa kinunuliwe Novemba kwa fedha za kianzio, na watoto wa darasa la kwanza washonewe kwanza, kwa kuwa hao hawana sare ya zamani ya kuvaa shule zinapofunguliwa Januari.