Nilimpeleka mama chai ya saa kumi London: mambo ya kujua kabla hujaingia

Picha niliyoweka wiki jana, ile ya mama kashika kikombe cha kaure huku akitazama pembeni, imeniletea ujumbe mwingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Wengi mmenipongeza, Mungu awabariki. Lakini wapo saba au wanane walioniuliza jambo moja kwa njia tofauti: dada, pale unaingiaje, unavaa nini, unalipa kiasi gani, na ukikosea je?

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini niandike. Mimi nilikosea, na nilikaa na kosa hilo miaka kumi.

Ilikuwa 2014, mwaka wangu wa kwanza Uingereza. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mwenzetu mmoja alikuwa anatimiza miaka hamsini. Wakasema Jumamosi tunakwenda hotelini London, kunywa chai. Mimi niliyezaliwa Bumbuli, kule Usambara, nikisikia chai naelewa chai. Nikala ugali wangu saa saba mchana, nikatia noti ya pauni ishirini kwenye pochi, nikapanda treni nikiwa na moyo mweupe.

Hoteli siitaji. Nakumbuka zulia lilivyomeza hatua zangu, na mpiga piano pembeni. Ikaletwa sahani ya ghorofa tatu. Chini sandwichi nyembamba kama vidole, zimekatwa maganda yote. Katikati vitu wakaviita skonzi. Juu vikeki vidogo, kila kimoja kimepambwa kama bibi harusi. Sasa nyumbani skonzi tunaijua: mkate laini wa duara, mtamu kidogo, unaununua dukani kwa Mangi asubuhi. Nikaichukua ile ya kwao, nikaipasua, nikajaza jemu na yale malai mazito, nikaifunika kama tunavyofunika skonzi na siagi, nikauma. Skonzi ya Waingereza haina hamira. Inamomonyoka. Malai yote yakaniangukia kifuani, kwenye blauzi niliyoiazima.

Walicheka. Sio wote. Lakini mama mmoja wa pale kazini, ambaye nilikuwa namheshimu sana, akaniuliza mbele ya watu: "Kwani huko kwenu hamnywi chai?"

Sikujibu kitu. Mama yangu amechuma chai tangu akiwa msichana, na kikapu mgongoni, kwenye miteremko ambayo ukiteleza unaokotwa bondeni. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye majani ya chai. Na mimi nikainamisha kichwa, nikawa nafuta malai kwa kitambaa.

Kisha ikaja bili. Pauni 48 kwa kila mtu, na juu yake asilimia 12.5 ya huduma, jumla pauni 54. Mimi nina ishirini. Aliyenikopesha alinikopesha kwa sauti, meza nzima ikasikia. Nililipa deni lile kwa wiki tatu, na mpaka leo nikilikumbuka uso unapata moto.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaambia: uliza bei kabla hujasema ndiyo. Muulize anayekualika nani analipa. Hotelini piga simu, au ingia kwenye tovuti yao, usome mpaka mwisho pale penye maandishi madogo ya gharama ya huduma. Kwenye hoteli kubwa za London siku hizi hesabu zaidi ya pauni 70 kwa mtu mmoja, na ukiambiwa kuna glasi ya shampeni ujue bei yake imeongezwa humo humo. Kuuliza bei si ushamba. Aliyeniacha niingie pale bila kuniambia ndiye aliyekosa adabu, na nimechukua muda mrefu kulisema hilo.

Baada ya siku ile niliamua kuisoma chai hii kama mtu anavyosomea mtihani. Nilitaka kujua imetoka wapi hata iweze kuniaibisha hivyo.

Kumbe ilianza na njaa. Karibu mwaka 1840 alikuwepo Anna Maria Russell, mke wa mwinyi mkubwa wa Kiingereza, Dyuki wa Bedford, rafiki wa Malkia Victoria. Watu wa daraja lake walikuwa wanakula chakula kidogo mchana, na cha usiku kimesogezwa mpaka saa mbili. Inasimuliwa kuwa ikifika alasiri yule bibi alikuwa anaishiwa nguvu, akaanza kuagiza chai na mkate na siagi viletwe chumbani kwake, halafu akawa anawaita na mashoga zake. Basi. Saa kumi alasiri, tumbo linauma, unatafuta chai na kitafunwa. Ni bibi gani wa Tanga au Mombasa asiyelijua hilo? Chai ya saa kumi tunayo, tena na kitumbua cha moto. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nililia, na mnisamehe kwa kulisema.

Na hapo hapo nisahihishe kitu kinachonikera. Hoteli nyingi za kwetu, Dar na Nairobi, zinatangaza chai hii kwa jina la "high tea" zikidhani ndiyo ya kifahari zaidi. Sivyo. Hiyo kwa asili ilikuwa mlo wa jioni wa wafanyakazi wa Uingereza, mtu katoka kiwandani, anakaa kwenye meza ya kulia na nyama na mkate na chai nzito. Hii ya sahani tatu inaitwa chai ya alasiri, na zamani ilinywewa kwenye viti vya chini vya sebuleni.

Mama alipopata viza (hiyo habari ni ndefu na inachosha, nairuka), nilikuwa nimeshaweka pauni ishirini kila mwezi kwa miezi kumi na mbili kwenye kopo la kahawa. Nilichagua The Langham, mtaa wa Regent. Ilifunguliwa 1865, na yenyewe inajinadi kwamba ndipo desturi ya chai ya alasiri ilipoanzia mahotelini. Lakini sikuichagua kwa hilo. Mkabala nayo, ng'ambo ya barabara tu, ndiko liliko jengo la BBC. Idhaa ya Kiswahili ilihamia hapo mwaka 2012 kutoka Bush House, jengo lao la zamani, na mama yangu amesikiliza taarifa yao ya habari, Dira ya Dunia, maisha yake yote, redio imefungwa kwa mpira ili betri zisitoke. Kabla hatujaingia hotelini alisimama pale nje dakika kumi nzima, mvua inanyunyiza, anaangalia madirisha. "Kumbe sauti zilikuwa zinatoka huku," akasema.

Niliweka nafasi miezi miwili kabla. Fanyeni hivyo, tena kwa Jumamosi na Jumapili wahini zaidi. Na unapoweka nafasi sema mnakula nini na hamli nini. Sisi Waislamu tuna mambo matatu ya kuuliza pale: sandwichi ya nyama ya nguruwe, ambayo ipo mahali pengi, kuku kama ni halali, na jelatini kwenye vile vikeki vinavyotikisika. Ukisema mapema wanakubadilishia bila neno, wanakuletea ya yai, ya tango, ya samaki wa salmoni. Ukisubiri mpaka sahani ifike utakula kwa wasiwasi.

Mavazi. Hoteli hazifanani. The Ritz ndiyo kali kuliko zote: mwanamume bila koti na tai hakai, na jinzi au raba hazipiti. Kwingine ukiwa nadhifu inatosha. Mama alivaa gauni la kitenge alilolishonea Lushoto, na mtandio, na sweta langu juu kwa sababu ya baridi. Sijaona mtu aliyependeza kama yeye mle ndani. Akina dada mnaoniuliza mnunue nguo gani, fungueni masanduku yenu. Msikope kwa ajili ya nguo. Mimi niliazima blauzi nikaichafua, ninajua ninachosema.

Mezani mambo ni machache kuliko mnavyoogopa. Kitambaa kinakaa mapajani. Unaanzia sahani ya chini kwenda juu: sandwichi, skonzi, vikeki. Skonzi unaikata kiunoni kwa mkono, kila nusu unaipaka peke yake na unaila peke yake, haifunikwi. Yale malai yanatokana na maziwa yaliyopashwa moto polepole yakapoa, juu yanafanya utando wa manjano, ule ule utando tuliokuwa tunagombania utotoni kwenye sufuria ya maziwa. Watu wa mkoa wa Devon wanatanguliza malai, wa mkoa jirani wa Cornwall wanatanguliza jemu, na wanabishana kwelikweli. Paka unavyotaka. Kijiko usikigonge kwenye kikombe, kipeleke mbele na nyuma kisha kilaze kwenye kisahani. Kidole cha mwisho usikinyanyue, hilo ni la watu wa kuigiza. Na sandwichi, kwenye hoteli nyingi, zikiisha unaongezewa bila malipo. Uliza tu.

Ndiyo, ni uliza tena. Nitalisema mpaka mchoke. Mama yangu hakai na aibu, alitaka maziwa ya moto, na akataka sukari vijiko vinne. Mimi moyo ukaanza kunienda mbio, nikaiona ile meza ya 2014. Nikamwambia mhudumu. Kijana akainamisha kichwa kidogo, akaenda, akarudi na kijagi cha maziwa yanafuka moshi. Kwisha. Miaka kumi nilikuwa naogopa kitu kinachochukua dakika mbili.

Mnaoishi huku ughaibuni mnisikilize vizuri. Tunatuma pesa, na ni lazima tutume, paa haliezekwi kwa salamu. Lakini mzazi si paa. Kama kuna njia ya kumleta, hata wiki tatu, mlete, umkalishe mahali pazuri, na ahudumiwe na mtu anayemwita bibi kwa heshima. Nimewaona wenzangu wananunua simu ya pauni elfu moja, halafu wanapanda ndege na machozi kwenda kuzika. Sisemi kwa kumnyooshea mtu kidole. Baba yangu nilimzika hivyo hivyo, na kopo la kahawa sikuwa nalo bado. Weka ishirini. Huna ishirini, weka tano. Hata kama si London, hata kama ni hoteli ya hapo mjini kwenu yenye chai nzuri na kiti cha kuegemea, mpeleke.

Turudi mezani. Yule kijana alileta boksi la vichupa vyenye majani ya chai, unanusa unachagua. Ya Assam na ya Darjeeling, zote za India, na ile ya Earl Grey. Mama akanusa Earl Grey akasema, "Hii wameitia kitu." Nikamweleza ni mafuta ya maganda ya tunda fulani, jamii ya machungwa. Akairudisha. Akachagua Darjeeling kwa sababu majani yake yalikuwa mazima, hayajasagwa. Chai ya kwetu yeye anaijua kama vumbi jeusi. Ile nyingi inakatwa na mashine, inapita mnadani, inachanganywa na nyingine, na huku inafika ndani ya vifuko bila jina la mlima wowote.

Nilipommiminia, jani moja likabaki kwenye chujio. Akalichukua kwa kijiko, akaliweka kwenye kisahani, akaanza kulifungua kwa ukucha taratibu, mpaka likalala wazi kabisa. Lilikuwa na rangi ya shaba. Mhudumu akasimama akidhani kuna tatizo. Mama akaniambia nimwambie: yeye amechuma chai miaka thelathini na moja, na jani hili limechumwa na mtu anayejua kazi, anayechuma majani mawili na chipukizi katikati, halikuvutwa kwa pupa.

Nikatafsiri. Sauti ilinitoka nzima, sikuinamisha kichwa. Kijana akavuta pumzi, akauliza kama anaweza kumwita mwenzake aje aone, na wakaja wawili, wakainama juu ya kile kisahani, na mama akawaonyesha kwa ncha ya kijiko mahali kidole gumba kinapokaa wakati wa kukwanyua. Meza ya jirani wakageuka kusikiliza. Hakuna aliyecheka.

Keki zilizobaki tulifungiwa kwenye kiboksi, tukazila kwenye treni. Lile jani alilikunja kwenye tishu akalitia pochini. Amerudi Bumbuli tangu Alhamisi. Jana nilipompigia aliniambia limekauka vizuri, halijavunjika, ameliweka ndani ya pasipoti, kwenye ukurasa wenye mhuri.