Julai ya baridi, Mbale mpaka Kapchorwa: usifungie kamera kabatini

Kila mwaka Juni ikiisha nasikia wapiga picha wenzangu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, wanasema sasa ni kulala tu, mwanga hakuna, mawingu kutwa, barabara za mlimani matope, tungoje Desemba harusi zirudi. Mimi pia nilikuwa naongea hivyo hivyo, kamera inaingia kwenye begi, nabaki studio na picha za pasipoti na kusafisha picha za watu, basi. Lakini Julai ya 2024 nikajiwekea sharti: siku 31, kila siku picha moja ya kitu ambacho jana sikupiga, saa ingine nje saa ingine ndani. Nilimaliza, na ule mwezi umenifunza kazi kuliko miaka yote ya harusi, kwa hiyo wewe mwenye kamera au hata simu peke yake, kaa nikueleze vile ilienda.

Kwanza ratiba. Nilianza na daftari safi kabisa, Jumatatu nje, Jumanne ndani, Jumatano nje, hivyo mpaka mwisho wa mwezi, na kufika Alhamisi ratiba ilishakufa. Siku ya nje mvua iliamka na mimi, siku ya ndani jua likatoka safi kama la Januari na mimi niko chumbani nazungushia kamera sufuria. Ndipo nikaacha kupanga kwa siku nikapanga kwa saa. Upande huu wa mlima Elgon Julai ina tabia yake: alfajiri ukungu, kama saa nne kunafunguka, mchana mawingu yanajikusanya mlimani, saa nane au saa tisa mvua inashuka, halafu jioni mara nyingi jua linachungulia kidogo kabla halijazama. Sio kila siku, lakini siku nyingi. Basi tembea na orodha mbili mfukoni, ya nje kwa alfajiri na jioni, ya ndani kwa zile saa za mvua, na mvua ikianza hukasiriki, unageuza ukurasa tu.

Sasa ukungu. Watu wanauogopa bure, yaani mimi siku hizi nikiamka nikaona Wanale, ule mlima ulio juu ya mji wetu, haionekani nafurahi. Shida ni kwamba kamera inapima mwanga ikidhani kila kitu mbele yake ni kijivu cha kati, ukiielekeza kwenye ukungu mweupe inaona mwanga umezidi inapunguza, picha inatoka chafu kama maji ya kufulia. Wewe ongeza kwa mkono, ile alama ya kujumlisha na kutoa peleka kwenye +1, kwa simu gusa kioo halafu vuta kile kijua kidogo kiende juu. Na kitu kingine, ukungu unafuta vya mbali, kwa hiyo lazima uwe na kitu kimoja cha karibu chenye nguvu, mgomba, ng'ombe, mama na mzigo wa kuni, kitu. Ukipiga bonde peke yake nyumbani utaona karatasi nyeupe.

Wiki ya pili nikapanda Kapchorwa, huko juu ni zaidi ya mita 1,800 na asubuhi baridi inakukamata vidole. Huko ndiko kwa kina Stephen Kiprotich aliyeleta dhahabu ya marathoni London 2012, na mwanariadha mwingine Joshua Cheptegei. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vijana wanaofanya mazoezi wanapita barabarani makundi makundi, na kwa ukungu ule unasikia viatu kabla hujaona mtu, jambo hilo lilinigusa sana sijui kwa nini. Siku ya kwanza nilitaka kuwasimamisha kwenye picha, shata, yaani muda kamera inafungua jicho, 1/1000 ya sekunde, ikabidi ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ipande mpaka 6400 na picha zote zikajaa chembechembe. Siku ya pili nikafanya kinyume, shata nikaishusha mpaka 1/30, nikamchagua mkimbiaji mmoja nikamfuata kwa kiuno, sio kwa mikono, kiuno kinazunguka taratibu kwa kasi yake huku unabonyeza na unaendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Kichwa kinatoka kimetulia, miguu imekuwa upepo, mikaratusi nyuma imekuwa mistari. Katika picha 60 nilipata 3 za kujivunia na hiyo ni hesabu nzuri usikate tamaa. Ila ongea na kocha wao kwanza, usisimame barabarani, na flashi izime, mtu anakimbia gizagiza usimpige mwanga wa macho.

Sipi sitaongea mengi kwa sababu kila mtu anaenda. Maporomoko ni matatu, kubwa lao linakaribia mita 100, na siku ya mawingu ndiyo siku yake, maana mawingu ni kama filta ya bure: weka f/16, yaani tundu dogo la lenzi, ISO 100, kamera kwenye stendi, shata ya polepole kadiri mwanga unavyoruhusu, maji yanakuwa kama pamba. Jua kali haliwezi kukupa hiyo bila filta ya kununua. Ukitaka upinde wa mvua basi subiri jioni, jua likishuka upande wa tambarare liwe mgongoni kwako na maji mbele, hapo kwenye marasharasha utauona. Mchukue kijana wa pale akuongoze na umlipe vizuri, njia zinapita kwenye mashamba ya watu na Julai zinateleza vibaya.

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza vifaa. Kwa Kiswahili chetu neno ukungu tunalitumia kwa ule wa mlimani na kwa ule unaoota kwenye mkate, na mpiga picha wa baridi anaishi na wote wawili. Kamera ikikaa nje asubuhi inapoa, ukiingia nayo jikoni kwenye joto na mvuke wa chai, ule mvuke unaganda kwenye lenzi kama kwenye chupa ya soda ya baridi, na mbaya zaidi unaganda ndani. Mimi nilikuwa nafuta kioo kwa shati naendelea. Baadaye nikaona kwenye lenzi yangu ya 50mm kitu kama utando wa buibui, fundi akaifungua akaniambia huo ni ukungu umeota, ameusafisha lakini alama imebaki mpaka leo na ukipiga ukielekea jua inaonekana. Iliniuma kweli, ile lenzi niliinunua kwa pesa ya harusi ya kwanza niliyopiga picha.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujaingia ndani, ukiwa bado nje kwenye baridi, tia kamera kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa, halafu ingia nayo na uiache imefungwa dakika 20 au 30. Maji yataganda juu ya kaveera badala ya kwenye lenzi. Wakati huo wewe kunywa chai, salimia wazee, angalia mwanga unatoka wapi. Nyumbani usiiweke kwenye begi lenye unyevu, tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, tia ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vingi sio kimoja, mwenye duka la viatu ukimwomba anakupa. Wengine wanatumia mchele, mimi sikubali, mchele una vumbi na vumbi la mchele ndio chakula cha huo ukungu. Na kamera itumie, inayotoka kila siku ikapata hewa na mwanga haishikwi kirahisi kama ile inayolala gizani miezi mitatu.

Za ndani sasa, na nitakwambia ukweli, picha zangu tano bora za mwezi ule nne ni za ndani.

Juu ya Wanale kuna mama mmoja anapika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayokaushwa kwa moshi, unayaloweka unayachemsha halafu unayapika na karanga. Mvua ilitukuta kwake saa nane. Nikamwomba nipige akiwa jikoni, akashangaa, akataka kwanza avae gomesi, lile gauni la heshima la kina mama wa Uganda.

"Mwanangu, humu giza. Ngoja nivae gomesi nitoke pale barazani nikae vizuri."

"Hapana mama, hapa hapa ndio pazuri, wewe endelea kupika tu."

"Na huu moshi?"

"Huo moshi ndio nautaka, mama."

Akacheka akasema haya, lakini ile ya gomesi atanidai. Jikoni kwake kuna mlango mmoja na kidirisha kidogo, na siri yote ya moshi ni wewe umesimama wapi. Mwanga ukiwa mgongoni kwako moshi unakuwa vumbi jeupe linaharibu picha. Ukihamia upande wa pili, mwanga unakuja kuelekea kwako kutoka ule upande wa kidirisha na nyuma ya mama ni ukuta mweusi wa masizi, hapo moshi unageuka mishale ya mwanga na uso wake unapata mstari wa dhahabu pembeni. Nilitumia 50mm ile ile, f/1.8 yaani tundu limefunguka wazi, shata 1/125, ISO 3200, pima mwanga kwenye shavu sio kwenye dirisha. Balbu ukiikuta inawaka omba izimwe, maana balbu ni ya manjano na dirisha la mawingu ni la buluu, uso mmoja utakuwa na rangi mbili na kuediti hakutakusaidia. Kama huna moto wala moshi dirisha peke yake linatosha, msogeze mtu karibu nalo kama hatua moja, ukimrudisha nyuma hatua tatu utaona mwanga umeanguka sana.

Sokoni nilifeli siku mbili nzima kabla sijaelewa. Mvua ikinyesha wauza mivumba, nguo za mitumba, wanafunika kwa turubai, na Julai biashara ya sweta na makoti ni moto, kelele, rangi, nikasema hapa nimepata. Kumbe turubai ni la buluu, na kila mtu chini yake amekuwa wa buluu kama mgonjwa. Kamera haijui kurekebisha hiyo kwa sababu rangi zingine zimemezwa. Dawa ni mbili tu: msubiri muuzaji asogee ukingoni pale mwanga wa wazi unapoingia, au tafuta kibanda chenye turubai jeupe, hilo linafanya kazi kama sanduku la studio la bei kubwa, mwanga laini kila upande. Ukishindwa yote geuza picha nyeusi na nyeupe.

Jioni za baridi kuna malwa, pombe ya ulezi. Wazee wanakaa kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na maji ya moto yanaongezwa kila mara kwa birika, mvuke unapanda. Mimi nilifika na kamera shingoni, mzee mmoja akaniangalia akasema, "Kijana, kaa kwanza." Nikakaa. Kamera ikabaki chini ya kiti karibu saa nzima, tukaongea mahindi na bei ya kahawa, na mwisho yeye mwenyewe akauliza, sasa hiyo kitu yako haifanyi kazi? Nilipopiga hakuna aliyenitazama tena. Hiyo huwezi kuipata kwa lenzi ndefu ya kuibia watu kutoka mbali, na mimi nakuomba usiwe mpiga picha wa kuiba.

2024 pia ulikuwa mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Bagisu, inafanyika miaka inayogawanyika kwa mbili na ufunguzi ni Agosti pale Mutoto, kwa hiyo Julai tayari vijana wanazunguka wakicheza na njuga. Ngoma piga, ndugu zao wanafurahi, shuka chini kwa magoti upige miguu na vumbi au matope. Lakini kisu ni cha familia. Mimi bila ruhusa ya baba na ya kijana mwenyewe sipigi, na hata nikipiga siweki mtandaoni.

Na jambo moja sitaki ulichukulie kama maneno ya kujaza nafasi. Baada ya mvua kubwa Wanale inatoa nyuzi nyeupe za maji ukutani, zinaonekana mpaka mjini, na unatamani kukimbilia mtoni kupiga maji yakishuka. Usiende ukingoni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale ikaua watu zaidi ya 20, na mvua yenyewe inaweza kuwa inanyesha huko juu wakati wewe uko kwenye jua. Piga kutoka barabarani, panda ghorofa, tumia lenzi ndefu. Ukiwa na siku mbaya kabisa ya kutotoka nyumbani piga matone kwenye jani la kabichi, sogea mpaka fokasi ikatae halafu rudi nyuma kidogo, ndani ya tone lenye nyumba yako nyuma yake utaiona imepinduka chini juu, watoto wangu walipenda hiyo kuliko zote.

Mwisho wa mwezi nilisafisha picha 20 nikazirudisha kwa wenyewe kwa boda, siku mbili nzima. Fanya hivyo, hata kama ni za saizi ndogo, watu tumewapiga miaka mingi na hawajawahi kuziona. Mama wa malewa aliishika kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kimya, akamwita jirani, halafu akaibandika juu ya kalenda. Kisha akaingia chumbani na kutoka amevaa gomesi ya kijani, amefunga mshipi vizuri, akakaa barazani. Nje mvua ilikuwa inaanza, mawingu yamefunika kote, mwanga laini kabisa. Nikatoa kamera kwenye kaveera.