Kile kinyota cheupe pembeni ya Mizar

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kwenye zile nyota saba za Dubu Mkubwa zilizokaa kama upawa, nyota ya katikati ya mpini ina kinyota cheupe pembeni, hafifu kweli, kuna siku nakiona kuna siku sikioni. Mwenzangu anasema ni nyota ndogo inayozimika. Ni kweli?

JIBU: Hapana ndugu msomaji, haizimiki na wala si ndogo. Hiyo ni Alcor, Waarabu waliiita Suha na tangu zamani watu wanapimana nayo macho, hiyo kubwa jirani yake ndo Mizar. Alcor ni ya daraja la 4 kwa mwangaza, na macho mazima kwenye giza la kweli yanafika mpaka daraja la 6 hivi (namba ikipanda nyota inafifia), kwa hiyo siku usipoiona ni ukungu huo, au mbalamwezi, au taa za umeme, nyota yenyewe iko vilevile.

Sasa kwenye huo udogo ndo wengi wanapopotea, manake wanasahau umbali. Alcor iko miaka ya nuru 80 na kidogo kutoka hapa (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima), ina masi, yaani wingi wa maada yake, karibu mara mbili ya Jua na mwanga wake ni kama mara 14 wa Jua. Jua letu ukilipeleka pale ilipo Alcor hulioni kabisa bila darubini!

Na weupe wake ni wa kweli. Nasema hivyo kwa sababu nyota hafifu karibu zote tunaziona nyeupe hata zile nyekundu, seli za jicho zinazojua rangi zinataka mwanga wa kutosha, ukipungua zinabaki kazini zile za gizani ambazo rangi hazitambui. Ila Alcor ni nyeupe kwa joto lake, uso wake unakaribia sentigredi 8,000 wakati Jua ni 5,500 hivi, alafu inajizungusha kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde pale ikweta, Jua ni kama 2 tu. Umri wake ni miaka milioni mia kadhaa, Jua lina bilioni 4.6, kwa hiyo Alcor bado ni changa.

Usiku ukiitafuta usiikodolee, tazama pembeni yake kidogo, hizo seli za gizani katikati kabisa ya jicho hazipo.

Pia haiko peke yake, mwaka 2009 wanaastronomia waligundua nyota kibete nyekundu inayoandamana nayo, dhaifu mno kwa macho yetu. Ukipata darubini utaona Mizar nayo inagawanyika mbili, na kati yake na Alcor kuna kinyota kingine ambacho Mjerumani Liebknecht mwaka 1722 alikidhania sayari mpya. Hicho hakina undugu nao, kiko mbali zaidi huko nyuma.