Achana na pampu kwanza, hayo maji umepima nini?

Mkuu, unasema kisima kimefika mita 90, maji yanang'aa kama machozi, maabara wamesema hayana vijidudu, sasa unauliza pampu ya ukubwa gani na tangi la plastiki au la zege. Hebu soma tena hiyo karatasi ya maabara. Kuna urani, ile metali ya mionzi, humo? Aseniki? Floraidi? Basi hujapima maji, umepima bakteria tu.

Mimi nilikuwa na karatasi kama hiyo, nusura niitie fremu. Mchimbaji, mikono imejaa vumbi la mwamba, akanipoza: "Maji ya mwambani yamechujwa na Mungu, bosi." Tukanywa miaka mitatu. Tena mimi mtu makini, nilikuwa nayachemsha! Moto unaua vijidudu, lakini metali haipandi na mvuke, inabaki kwenye sufuria, na maji yakipungua yenyewe inakolea. Mpishi hodari wa supu ya urani, ndiye mimi.

Yule bwana alitoboa matale (graniti) kwa siku nne, na matale ndiyo miamba inayosifika kwa urani. Maji yanakaa kwenye nyufa zake yakiiyeyusha taratibu. Huioni, huinusi, huionji. Nilipopima metali baadaye, urani ilitoka mikrogramu 74 kwa lita, wakati kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni 30. Na usihangaike na hadithi za kung'aa gizani (mimi nilizima taa nikajikagua, msicheke), kinachoumia kwanza ni figo.

Kwa kiherehere nikakimbilia kununua chujio la mkaa la nyumba nzima. Muuzaji akaapa linatoa "kila kitu". Nikapima tena: 71. Kila kitu ndiyo hizo tatu! Kilichonisaidia ni mtambo wa RO wa bomba la jikoni (unaosukuma maji yapite kwenye utando wenye matundu madogo mno), na huo nao niliuchagua baada ya kuwa na namba mkononi.

Kwa hiyo usinunue hata koki kabla ya majibu ya metali. Omba chupa maabara, usichukue ya soda. Yao huwa na asidi kidogo ili metali isigande kwenye kuta, usije ukaisuuza ukaimwaga. Acha maji yatiririke kwanza ndipo ukinge.

Pampu... ulisema mita ngapi vile? Lete majibu kwanza.