Mawaridi yameinama vichwa

SWALI: Nilinunua mawaridi 12 kwa ajili ya mahafali ya mdogo wangu. Kesho yake asubuhi vichwa vilikuwa vimeinama kabla hata hayajachanua. Je, niliuziwa maua ya zamani? Msomaji, Tanga

JIBU: Huenda, lakini mara nyingi shida ni maji kutofika kwenye ua. Shina lililokatwa likikaa bila maji, hewa huingia na kuziba mirija yake. Yakianza kuinama, kata sentimita 2 hadi 3 za shina kwa mshazari, kwa kisu kikali, shina likiwa ndani ya maji. Ondoa majani yatakayozama, maana yakioza huleta bakteria. Kisha funga shada kwa gazeti hadi juu ya vichwa ili yasimame wima, uyaache kwenye maji mengi kivulini kwa muda wa saa mbili.

Dukani, bonyeza ua taratibu karibu na kikonyo. Likiwa gumu, ni bichi, likibonyea, liache. Petali za nje zilizochubuka zisikutishe, hizo hubanduliwa tu. Kwa joto la pwani, chukua maua siku ileile ya sherehe, na usiyaweke karibu na ndizi au maembe yanayoiva: gesi yake huyanyausha upesi.