Kabla Hujanunua Kiwanja Soga, Piga Hesabu ya Nauli

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, ndugu na marafiki wananipigia simu na swali lilelile: tununue kiwanja Soga, penye stesheni ya treni hiyo huku Pwani? Mimi ni mtu wa Mlandizi, nina vyumba vya kupangisha, na mashamba ya huku nimeyatembea na wanunuzi wengi, basi wananichukulia kama dalali asiyedai cha juu. Nawajibu wapige kwanza hesabu ya nauli.

Tuipige. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, Dar hadi Soga, kilomita 51, ilikuwa shilingi 4,000. Kwenda na kurudi 8,000. Kwa siku 22 za kazi ni 176,000 kwa mwezi, hapo hujalipa bodaboda ya kukufikisha stesheni wala daladala ya kukufikisha ofisini ukishashuka mjini. Hela hiyo Mbagala inakupa chumba na sebule. Sasa mpangaji gani atahamia kwenye nyumba yako ya Soga, akulipe kodi na nauli juu? Yupo, lakini ni mwenye mshahara wa maana, na huyo hakubali kuchota maji kisimani. Pugu, stesheni iliyo karibu zaidi na mjini, ni habari nyingine kabisa, kwa sababu nauli yake ilikuwa 1,000. Halafu kumbuka treni ya haraka haisimami Soga, inapita tu.

Ndiyo maana huku bei ya ardhi imekimbia, kodi ya nyumba inajikongoja nyuma. Shamba lilianza kupanda watu waliposikia mradi, 2017, likapanda tena tuta la reli lilipoonekana, likapanda tena nguzo za umeme ziliposimamishwa. Ukinunua leo, habari njema zote hizo umeshauziwa ndani ya bei. Kinachobaki kupanda ni kile ambacho bado hakijafika: lami, bomba, shule, zahanati. Hivyo ndivyo vya kuulizia kijijini, maana reli kila mtu anaiona.

Kuna jambo matangazo ya viwanja hayalisemi: uzio. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa haichanganywi na ng'ombe, kwa hiyo njia imezungushiwa waya na watu wanavukia kwenye vivuko maalumu. Nilimsindikiza shangazi yangu kuona robo eka. Dalali, kijana nadhifu mwenye viatu vya kuchongoka, akanyoosha kidole: "Mama, stesheni ile pale, unaiona?" Tuliiona kweli, paa linang'aa. Shangazi akamwambia, "Haya mwanangu, tangulia, sisi tunakufuata kwa miguu." Tukafuata waya kulia, tukaufuata tena, mpaka kwenye kivuko cha chini ambako mbuzi walikuwa wametutangulia na tope la mvua ya usiku lilikuwa bado bichi. Tukatokea upande wa pili, tukaanza kurudi kushoto kote tulikotoka. Kufika nusu ya njia viatu havitambuliki, na bei ilikuwa imeshashuka bila shangazi kuomba. Basi tembea mwenyewe kutoka kiwanjani hadi stesheni, na ikiwezekana uende masika.

Kama unatafuta nyumba ya kupangisha, mimi ningetazama Kwala, hukuhuku Pwani, kabla ya Soga. Kule kuna bandari kavu iliyozinduliwa Julai 2025, kuna eneo la viwanda, na barabara ya zege ya kuingilia kutoka Vigwaza. Dereva wa lori, fundi na mlinzi wanahitaji pa kulala karibu na kazi, wala hawapigi hesabu ya nauli ya treni. Jenga vyumba vya kawaida vyenye choo safi na luku inayojitegemea kwa kila mpangaji. Sebule zenye dari za jipsamu waachie wa Mbezi.

Makaratasi sasa. Sisi wa Barabara ya Morogoro hatuhitaji kusimuliwa habari ya alama ya X inayochorwa kwenye nyumba ya kubomolewa. Mwaka 2017 nyumba kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi, na baadhi zilikuwa majumba ya haja. Kwa barabara kuu na za mkoa, sheria ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi, yaani eneo la barabara lisiloruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, ila pale Kimara hifadhi ilikuwa pana zaidi ya hapo. Kwa hiyo usipime kwa hatua zako. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uliza mchoro wa mipango miji na mpaka wa hifadhi, barabara na reli pia. Sehemu kubwa ya ardhi ya huku bado ni ya vijiji, na hapo muhuri wa mtendaji peke yake hautoshi. Omba uone muhtasari wa kikao cha halmashauri ya kijiji kilichoridhia mauziano. Muuzaji akiwa na mwenza, wote wawili wasaini, na majirani wa pande zote waoneshe mipaka siku hiyohiyo.

Na wewe mwenyeji unayeuza: usikate kipande cha barabarani kwanza. Mnunuzi atakitaka hicho, atakisifia, ataongeza na laki kadhaa. Muuzie cha nyuma, umwachie njia iliyoandikwa kwenye mkataba, kile cha mbele kibaki na watoto mpaka lami ifike.