Taa ya kona ya mashine

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama umeme wa taa za barabarani katika miji midogo ulipiwe na wakazi, wafanyabiashara au halmashauri. Nilipoanza kuandika nilikuwa na jibu moja, kwamba halmashauri ilipe, kwa sababu sisi tumekwisha kulipa. Kila ninunuapo umeme wa LUKU, yaani ule wa kulipia kabla ya kutumia, asilimia 3 inakatwa kwa ajili ya Wakala wa Nishati Vijijini, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, mwanzo shilingi 1,000 kwa mwezi, kisha 1,500 kuanzia Julai 2023. Aliyekatwa yote hayo hastahili kupitishiwa daftari la mchango.

Hata hivyo daftari lilipitishwa kwetu, na aliyelipitisha ni mimi.

Mji wetu uko Nyanda za Juu Kusini, kando ya barabara kuu; ukiiacha lami hatua mia mbili, umeshaingia kwenye nyanya. Taa ya kona ya mashine ya kusaga ilipozimika, kila ofisi tuliyokwenda ilituelekeza kwingine, mpaka mwenye duka la pale konani akavuta waya kutoka kwenye mita yake, akafunga taa juu ya kibaraza. Tukakubaliana kila kaya imchangie shilingi 1,000 kwa mwezi. Wa kwanza kulipa alikuwa bibi mmoja mjane ambaye nyumbani kwake hakuna umeme kabisa. Alifungua fundo la khanga, akahesabu sarafu tano za mia mbili, akasubiri nimwandike jina, kisha akaniomba nimwonyeshe lilipoandikwa.

Mwezi wa tatu mwenye duka aliuguliwa na mama yake, akafunga duka na kusafiri. Umeme ukaisha, na mita ilikuwa ndani, nyuma ya kufuli. Usiku wa nne bibi yule alitoka msibani, akatumbukia kwenye mtaro wa kona ile, akavunjika mkono. Nilipokwenda kumpa pole aliniuliza, bila hasira, kama jina lake bado limo daftarini. Nililifungua, nikamwonyesha.

Tangu siku hiyo swali la nani alipe si kubwa kwangu kama swali la mita iko wapi na nani anaitwa taa ikizimika. Kwa hiyo, ingawa nilianza kwa kukataa, ningekubali kukatwa shilingi 500 zaidi kwa mwezi kwenye LUKU, hasa sasa ambapo mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku tangu Oktoba 2023 na abiria wanashushwa kwetu saa tisa za usiku. Lakini nakubali kwa masharti. Wakala wa barabara, yaani TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa barabara za mitaa, pamoja na halmashauri, waandikiane nguzo ipi ni ya nani. Mita ya taa iwe nje, juu ya nguzo, na matumizi yake yasomwe kwenye mkutano wa kitongoji. Wenye maduka na vituo vya mafuta wakatwe zaidi yetu, kwa kuwa mwanga unawaletea wateja.

Asiye na LUKU asidaiwe kitu. Najua bibi hatakubali, kwa maana mwezi uliofuata, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alimtuma mjukuu wake na ile shilingi 1,000.